Timu isipite Tabora kama msafara

OKTOBA 20, 2023 Kwa Mkapa palikuwa na mzuka wa aina yake. Simba na Al Ahly walitoka 2-2 kuzindua African Football League, mashindano ambayo CAF iliyatangaza Arusha mwaka 2022 kwa ndoto ya klabu 24 na zawadi za Dola 100 milioni. Zikaanza klabu nane. Mamelodi Sundowns ikabeba kombe, na mwaka uliofuata ligi yenyewe haikuchezwa.

Wamarekani wanaujua ugonjwa huu kuliko sisi. Katika soka lao lile la kushika mpira mikononi, kila baada ya miaka anatokea tajiri anayetaka kushindana na NFL. World Football League ilianza 1974, ikafa katikati ya msimu wa 1975. USFL ilicheza misimu mitatu tu, 1983 hadi 1985, ikisajili mastaa kwa fedha ambazo viingilio havikuweza kuzirudisha. Ikaishitaki NFL, na mwaka 1986 ikashinda kesi. Fidia? Dola moja, iliyozidishwa mara tatu kisheria. Dola tatu! XFL ya 2001 iliishia msimu mmoja. AAF ya 2019 haikumaliza hata huo mmoja.

Vipaji vilikuwepo, na watu wa kutazama walikuwepo. Tatizo ni kwamba mkwanja wa matajiri ulikata kabla timu hazijapata wenyewe.

Tunayasema haya kwa sababu ya Tabora. Mji huu umezoea kupitiwa. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, ikachukua wapagazi na chakula, ikaendelea na safari. Soka nalo limefanya vivyo hivyo. Rhino Rangers ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ikashuka msimu huo huo.

Mwaka 2023 ikapanda Kitayosce, timu iliyozaliwa Kilimanjaro. Agosti mwaka huo ilianza ligi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu kwa sababu ya matatizo ya usajili, na ilikuwa nyuma 4-0 mechi ilipovunjika. Ikawa Tabora United. Novemba 2024 timu hiyo hiyo ikaenda Chamazi na kuichapa Yanga 3-1. Mji ukalala ukiimba. Msimu wa 2025/26 jina likawa TRA United.

Hatuna ugomvi na TRA. Mchezaji anayelipwa kwa wakati anacheza kwa moyo, na timu ya taasisi ina uhakika wa nauli ya kwenda Bukoba au Mbeya. Lakini wakongwe wanaikumbuka RTC Kagera: shirika lilipokwenda, timu nayo ikaenda. Na wakazi wa Mbarali hawahitaji kumbukumbu ya zamani. Ihefu yao, iliyovunja rekodi ya Yanga ya kutofungwa mechi 49, leo inaitwa Singida Black Stars na makazi yake ni Singida.

Jina la Tabora limeshatoka kwenye jezi. Kinachobaki ni Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na uwanja si mkataba.

Ushauri wetu ni huu. Klabu za wanachama nchini zimeshaambiwa mwekezaji asizidi asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Kwa timu za taasisi na za watu binafsi, TFF iweke sharti jepesi zaidi: ikitaka kuhama au kubadili jina, wadau wa mkoa wasikilizwe kwanza, na timu za vijana zibaki pale zilipoanzishwa.

Na ninyi wana-Tabora, sehemu yenu ipo. Mkijaa uwanjani siku ya Simba na Yanga tu, tena nusu yenu mkiwa na jezi za wageni, mnamwambia mwenye timu kwamba hana cha kupoteza akiondoka. Nendeni siku anayokuja Mashujaa au Prisons. Lipeni kiingilio. Wekeni tawi la mashabiki lenye kadi na viongozi wanaojulikana. Timu yenye wenyewe ni ngumu kuihamisha.