Simu, Kitabu na Kalamu



Mzazi mmoja wa Tongaren, kaunti ya Bungoma, ametuuliza: mwanawe husoma masomo ya dini kwenye simu, kwa kuwa vitabu havipatikani karibu. Je, usomaji huo ni sawa na wa kitabuni?

Maneno ni yale yale. Anayebadilika ni msomaji. Mwaka 2018 watafiti wa Uhispania na Israel walikusanya tafiti 54 zilizohusu watu zaidi ya 170,000, wakaona kuwa wanaosoma kwenye karatasi huelewa zaidi kuliko wanaosoma kwenye kioo. Tofauti ilizidi pale msomaji alipobanwa na wakati. Ilikuwa katika maandishi ya kielimu. Katika masimulizi matupu haikuonekana. Tafiti nyengine zimeonyesha jambo zito zaidi: msomaji wa kwenye kioo hudhani ameelewa kuliko alivyoelewa.

Hapo ndipo penye hatari kwa dini yetu, kwani asiyejua kuwa hakuelewa hatauliza. Huona ujumbe unaonasibishwa na Mtume (S.A.W.), akawapelekea jamaa zake wote kabla ya kujua umepokewa na nani. Ilhali Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Wanazuoni wetu walisoma kalamu mkononi, wakajaza hashiya pambizoni: hapa pana khitilafu, hapa sanad ni dhaifu. Huko ndiko kusoma kwa kuhakiki, na kidole kinachoteleza juu ya kioo hakiachi hashiya.

Hatusemi simu itupwe. Kwa aliye mbali na maduka ya vitabu, hiyo ndiyo maktaba yake. Tunasema mtoto awe na daftari kando. Asome polepole, kisha aifunge simu na kuandika kwa maneno yake mwenyewe: nani amesema, dalili yake ni ipi, na lipi halikumwelea. Hilo la tatu alipeleke kwa mwalimu wake.

Nanyi wazazi, msimwulize amemaliza kurasa ngapi. Mwulizeni lipi limemtatiza. Na zikipatikana fedha za kitabu kimoja tu, kinunuliwe cha fiqhi, kinachohitaji kurejewa na kupimwa. Masimulizi mepesi yanaweza kubaki kwenye simu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.