Kutoka Picha Hadi Mstari wa Kisu

Zimetufikia barua kadhaa zenye swali moja. Picha iliyo katika simu, au ua lililochorwa kwa mkono katika daftari, hufanywaje hata mashine ya kukatia ikaweza kulikata? Wengine wenu mmeiona mashine hiyo mijini, katika maduka ya kadi za harusi, ikikata majina na maua kwa kisu chenye ncha kama ya sindano, mkadhani kwamba yatosha kuipa picha tu. Haitoshi. Tunaandika haya tukiwa Kiuyu, kaskazini mwa Pemba, ambako tunaifanya kazi hii pamoja na kina mama wa kanisani na majirani zetu washonaji wa kofia, nasi tutaeleza kama tunavyoiona.

Kwanza ifahamike kwamba mashine si yetu. Iko Wete, katika duka la kijana mmoja anayetoa fotokopi na kupiga chapa, nasi humlipa kwa kila karatasi anayokata. Kwa hiyo mama asijione hawezi kwa sababu hana mashine. Kazi kubwa, ile inayotaka macho na subira, hufanyika nyumbani katika kompyuta yoyote ya kawaida. Zamani mtu angesema umeme ndio kikwazo. Lakini tangu mwaka 2010 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga unatuletea umeme wa gridi, na ukikatika, kompyuta ya mkononi yenye betri nzima huvumilia.

Sasa tazama mkeka wa rangi. Kwa mbali waona ua. Ukisogea karibu waona miyaa tu, kipande chekundu kando ya cheupe, na ukingo wa ua umekuwa ngazi ngazi. Picha ya simu ni vivyo hivyo. Imepangwa kwa nukta ziitwazo pikseli. Picha yenye nukta 1,200 kwa upana na 1,600 kwa urefu ina nukta 1,920,000, na hakuna hata moja inayojua kuwa ni sehemu ya ua. Kisha mtazame mshonaji wa kofia. Yeye hafuati nukta, hufuata mstari: sindano yaanzia hapa, yapinda kushoto, yaishia pale. Kisu cha mashine hufanya kazi kama huyo mshonaji, si kama msukaji wa mkeka. Picha iliyoandikwa kwa mistari ya namna hiyo huitwa vekta, na faili lake la kawaida ni SVG, ambalo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2001.

Hisabati ya kupinda mistari hiyo ilitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliifikia mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaieneza katika miaka ya 1960. Jina lililobaki ni la Bézier. Kila kipande cha mstari hushikwa na nukta nne, mbili za mwanzo na mwisho, na mbili zinazouvuta upinde kando. Gari na kofia ya viua havifanani hata kidogo, lakini upinde ni upinde.

Programu tunayoitumia ni Inkscape. Ni ya bure, ilianza mwaka 2003, na ukishaiweka katika kompyuta haihitaji intaneti, jambo ambalo kwa sisi wa huku ni la thamani kubwa. Ndani yake mna kazi ya kugeuza picha kuwa mistari, na moyo wa kazi hiyo ni programu ndogo iitwayo Potrace, iliyotungwa na Peter Selinger, mwanahisabati wa Canada. Ingiza picha yako, ibofye, kisha bonyeza Shift, Alt na B kwa pamoja. Patatokea dirisha lenye namba. Usiziogope, tutazirudia.

Kabla ya kompyuta, shughulikia mchoro. Hapa ndipo wengi huharibu, kisha hulaumu mashine. Chora kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, kwa kalamu nene nyeusi. Piga picha asubuhi karibu na mlango, mwanga wa kutosha lakini si jua lenyewe, wala usitumie mwanga wa simu, kwa maana huacha doa jeupe katikati. Simu iwe sawasawa juu ya karatasi. Ukiiinamisha kidogo tu, duara huwa yai, na yai halivaliki kichwani.

Jambo la pili ni mstari uliochorwa. Kwako wewe mstari wa kalamu ni mstari mmoja. Kwa programu ni umbo jembamba lenye kingo mbili, hivyo kisu kitakata ukingo wa huku na ukingo wa huko, na utabaki na uzi wa karatasi mkononi. Dawa yake ni kupaka wino ndani ya petali mpaka ijae, iwe kama kivuli, ndipo upige picha. Tangu toleo la mwaka 2020 Inkscape ina njia ya kufuata katikati ya mstari, lakini sisi twaona kupaka wino ni rahisi zaidi kwa anayeanza.

Turudi kwenye namba. Ya kwanza ni kizingiti cha weusi, ambacho kwa kawaida huanza na 0.45. Programu huuliza kila nukta: wewe ni nyeusi au nyeupe? Ukiipandisha namba, hata kijivu huhesabiwa weusi. Ukiishusha, mistari myepesi hutoweka. Ya pili ni ya kufuta madoa madogo, nayo hufaa kwa vumbi la karatasi. Baada ya kukubali, umbo jipya hukaa juu ya picha ya zamani, hivyo livute kando kwanza, kisha ifute picha. Umbo likiwa na vifundo vingi mno kisu hutetemeka na kuchana karatasi. Bonyeza Ctrl na L, mara moja au mbili, si zaidi, maana kila mara ncha kali za petali hulegea.

Katika namba hizo mbili kuna jambo ambalo sisi wauguzi hatuwezi kulipita. Hatukati maua peke yake. Twakata pia picha za kufundishia, zile zinazobandikwa kwenye ubao wa flaneli katika darasa la wajawazito na katika shule ya Jumapili. Chukua picha ya mtoto anayenyonya. Mama anapaswa kuona mdomo wa mtoto uko wazi sana, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Hayo yote yamo katika eneo dogo kuliko kidole gumba, na mengi yake ni ya kijivu. Kizingiti kikiwa chini, weusi wa titi hufutika na mtoto huonekana ananyonya ngozi tu. Kikiwa juu, mdomo na titi hushikamana kuwa doa moja. Programu haijui kwamba imefuta somo lenyewe. Mama mwenye chuchu zilizochanika, aliyekuja kujifunza namna ya kumweka mtoto, atarudi nyumbani na kosa lile lile.

Kibaya zaidi ni picha ya maji ya kumpa mtoto anayeharisha. Dawa bora ni pakiti ya ORS ya kituo cha afya. Isipopatikana, hutengenezwa nyumbani kwa lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tuliwahi kuletewa picha hiyo ikiwa imekatwa mahali pengine. Vijiko vya sukari vilikuwa vimegusana, huwezi kuvihesabu, na kijiko cha chumvi, kilichochorwa nusu, kilikuwa kimejaa weusi mzima. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mama asiyejua kusoma huamini picha kuliko sisi tunavyoamini maandishi, kwa hiyo picha ya afya isitoke mikononi mwako kabla mtu asiyeisoma lugha yoyote hajakuambia anachokiona ndani yake. Si lazima awe mtaalamu. Bibi wa jirani anatosha.

Kwa picha za namna hiyo tunagawa kazi. Umbo la mama hukatwa peke yake, la mtoto peke yake, titi peke yake, kila moja kwa rangi yake, kisha vikabandikwa pamoja. Flaneli yenyewe hatuipeleki kwenye mashine, maana nyuzi zake husokotana na kisu. Twakata kielelezo cha manila, halafu twafuata kwa mkasi. Kuna aliyetushauri tutumie filamu za eksrei za zamani kwa sababu ni ngumu na hazichakai. Hatuzitaki. Zina majina ya wagonjwa.

Kuhusu vielelezo, kumbuka visiwa. Ukikata herufi O, ile duara ya ndani huanguka chini, na unabaki na tundu tupu. Hivyo kila kipande cha ndani kiachiwe daraja la kukishika. Katika manila sisi huacha milimita 2 au 3. Katika maua ya kofia, ambayo ni duara ndani ya duara, madaraja yapange yalingane pande zote, la sivyo jicho litayaona hata baada ya kushona.

Tufike kwenye kofia. Mashine haishoni kofia ya viua; hiyo hubaki kazi ya mkono, nayo huchukua majuma mengi. Kinachokatwa ni kielelezo cha kuchorea juu ya bafta. Kina mama wengi hapa hulima mwani, kilimo kilichoshika Zanzibar tangu mwaka 1989, na aliyeshinda majini tangu bahari ilipokupwa hana mkono mtulivu wa kuchora petali nane zilizolingana jioni mbele ya taa. Kwa kielelezo huchora kwa dakika chache, na nguvu zake zinabaki kwa ajili ya sindano. Kichwa cha sentimita 56 kinataka ukanda wa sentimita 56. Ukitaka maua 8, kila moja lipate sentimita 7. Duara la juu lina upana wa karibu sentimita 17.8. Chora petali moja tu, iliyo nzuri, kisha iambie kompyuta iizungushe kwa nyuzi 45 mara nane. Karatasi ya mashine nyingi za mezani ina upana wa sentimita 30 hivi, kwa hiyo ukanda ukate kwa vipande viwili vya sentimita 28, na kiungo kiangukie kati ya ua na ua.

Haya yote yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwa mzee mmoja ambaye ua lake hushonwa na wanafunzi wake peke yao. Aliishika simu, akautazama mchoro wake, akauliza, “Mwanangu, ua hili nimelipata kwa marehemu mama yangu. Likishaingia humo, litatoka kwa nani?”

“Litatoka kwako, bibi, ukitaka wewe,” akamjibu binti wa kikundi.

“Na huyo wa Wete? Naye litamtokea?”

Swali hilo lilitunyamazisha, kwa sababu ndilo lenyewe. Ua lililo katika vidole vya mtu huhama polepole, kwa miaka ya kukaa pamoja. Faili huhama kwa kubofya mara moja, na kofia za mashine zimekwisha kuzijaza sokoni zikiuzwa kwa bei ambayo mshonaji wa mkono hawezi kuifuata. Likifika huko ua la bibi, wanafunzi wake wanakosa kitu cha pekee walichokuwa wakiuza, na katika nyumba nyingine hicho ndicho sare na daftari za watoto.

Basi tulikubaliana naye hivi. Maua ya kawaida, ambayo kila mtu anayashona, yanakwenda Wete. Ua lake halipigwi picha. Wanafunzi wake wanalikata kielelezo kwa wembe juu ya manila, nyumbani kwake, na kinabaki sandukuni mwake. Kwa yale yanayokwenda dukani, mmoja wetu husimama hapo mpaka kazi iishe, faili hufunguliwa kutoka katika flashi yetu, na halihifadhiwi katika kompyuta ya duka. Kijana mwenyewe hakukasirika. Alisema wateja wa kadi nao wangefaa kufanya hivyo. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoileta COSOZA, na kikundi chenye michoro yake kinaweza kuuliza huko. Lakini hata kabla ya kufika huko, kila mchoro uwe na karatasi yake ya asili, yenye jina la aliyeuchora, aliyemfundisha, na tarehe. Sisi tunaziweka katika jalada moja pamoja na kofia ya kwanza iliyoshonwa kwa mchoro huo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu barua ya mama wa Tanga aliyeuliza namna ya kukata herufi za majina ya watoto kwa ajili ya mikoba ya shule. Wakati huohuo mjaribu petali moja. Wembe uwekwe juu kabatini, mbali na wadogo.