Nani anapanga bei ya nyumba yako Misisi?



Ukitaka kujua nyumba ya Misisi iko bei gani, usimuulize fundi aliyeijenga. Uliza kama mashimo ya Akyanga yametoa juma hili. Yakitoa, wageni wanashuka na pikipiki, kila mtu anatafuta pa kulala, na nyumba ya vyumba viwili ya matofali mabichi inapanda bei kati ya asubuhi na jioni. Yakikauka, ao risasi zikisikika barabarani, nyumba ile ile na manjanja yale yale inauzwa bei ya mbuzi wachache.

Hiyo tumeizoea. Soko ni soko. Kinachotuuma ni kule thamani ya nyumba inapoandikwa kwenye karatasi.

Angalieni vile kuuziana kunapita kwetu. Komisyonere anakuja na mnunuzi. Anaangalia manjanja, anahesabu vyumba, anauliza kama maji iko karibu, anatupa bei. Hakuna mita, hakuna aliyepima kiwanja. Yeye mwenyewe analipwa sehemu ya bei, kwa hiyo ikipanda anakula zaidi. Ila kama ameshapatana na mnunuzi pembeni, atakula ikishuka. Kisha mnaenda kwa shefu wa kartie, mashahidi wanatia sahihi, franga zinahesabiwa. Na hapo njo unafanyika ule ujanja tunaoujua wote: nyumba imetoka dola 3,000, karatasi inaandikwa 800, juu ya kupunguza yale ya kulipa ofisini.

Mnacheka. Lakini karatasi ile haitupwi. Mimi nimeishika ya namna hiyo mkononi. Baba mdogo alinunua nyumba, wakaandika robo ya bei. Alipofariki, ndugu mmoja akabaki ndani na shangazi akaomba sehemu yake. Mwenye kukaa ndani akasema tuhesabu kwa karatasi. Shangazi akasema tuhesabu kwa bei ya leo. Hakuna mtu wa kupima, hakuna wa kukata neno, na shefu aliyetia sahihi alikuwa amekwisha hama. Mpaka leo hawasalimiane. Hata msibani wanakaa pande mbili.

Na hiyo ni familia tu. Sasa weka kampuni katikati.

Kila mtu anajua kama dhahabu ya Akyanga iko ndani ya permi ya viwanda. Siku watakaposema kartie fulani ihame, swali la kwanza litakuwa: nyumba yako ina thamani gani? Hapo sheria iko upande wetu kuliko tunavyofikiri. Kodi ya migodi ya 2002, vile ilivyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema katika artikle 281 kwamba mwenye permi akiwanyima watu udongo wao, alipe kodi ya kukaa pale ao thamani ya kiwanja, na aongeze nusu juu yake. Mwaka ule ule, tarehe 8 Juni, dekreti ikatoka na aneksi ya XVIII, ambayo yote inahusu kuhamisha watu na kuwalipa fidia. Piga hesabu mwenyewe. Nyumba ya 3,000 inakuwa 4,500. Nyumba ya karatasi ya 800 inakuwa 1,200. Umepoteza dola 3,300 kwa sababu siku ya kununua ulitaka kukwepa pesa ya ofisi. Kampuni haitahitaji hata kukuibia. Itasoma tu kile ulichoandika.

Mtasema: «Sisi hatuna hata cheti.» Kweli. Tangu sheria ya 20 Julai 1973 udongo wote ni wa Leta. Unachouza ni nyumba, pamoja na haki ya kutumia kiwanja, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha konservateri. Bila cheti, benki haiwezi kuchukua nyumba yako kama rehani, hata ukiijenga kwa simenti mpaka juu. Ile sheria yenyewe iliacha udongo wa jamii za vijiji ungojee amri ya Rais, na miaka 40 na zaidi ikapita bila kuiona. Kwa hiyo hatukubali mtu yeyote atuambie kwamba kukosa cheti ni uvivu wa wananchi.

Lakini tusijidanganye na njia ya mkato. Ng'ambo ya ziwa, kule Nyamongo karibu na mgodi wa North Mara, Tanzania, watu walijenga vibanda haraka haraka vya kungojea fidia. Wakavipa jina: tegesha. Ukijaza kartie vibanda vya namna hiyo, hata mzee aliyezaliwa pale ataonekana mwongo mbele ya mthamini. Tanzania wenyewe walitunga sheria ya wathamini mwaka 2016, na mthamini lazima awe ameandikishwa. Hapa kwetu anayethamini nyumba ni komisyonere mwenye kiu.

Tunaomba wakubwa wa Fizi watulete jeometa wa Leta Misisi kwa siku zinazojulikana, na bei ya kupima ibandikwe ukutani ili kila mama aisome. Mashefu wa kartie waache kutia sahihi kwenye bei wanayojua si ya kweli. Na pesa za ofisi zipunguzwe, juu zenyewe njo zinawafundisha watu kudanganya.

Na wewe unayeuza ao kununua mwezi huu: pima kiwanja kwa mita ya fundi mbele ya majirani wa pande zote nne. Piga picha ya nyumba, ndani na nje, choo pia. Andika bei uliyopokea kweli, kwa namba na kwa maneno. Acha kopi moja kwa mtu asiyelala nyumba moja na wewe, maana moto ukishika majani hauchague karatasi.