Pedi Mkononi: Alama za Gemu au za Lugha?

Toleo lililopita tuliipa Tales of Kenzera: ZAU alama 9 kati ya 10, na tangu siku hiyo hatujapumzika. Mwalimu wetu mmoja (hatumtaji, anajijua) alitusimamisha kwenye ngazi akatuuliza, "Zile 9 mmeipa gemu au mmeipa lugha?" Tulicheka tu, kwa sababu jibu hatukuwa nalo. Basi tumekaa tena, sote wanne, na birika la chai ya tangawizi, tukaicheza upya mwanzo hadi mwisho. Tumeongeza na gemu mbili za zamani zinazogusa Kiswahili, ili tuwe na cha kulinganisha. Hizo mbili tuzimalize kwanza, hazina ugomvi.

Halo 3: ODST ya mwaka 2009 inatupeleka New Mombasa ya mwaka 2552. Wewe ni askari uliyeanguka kutoka angani, wenzako wamepotea, ni usiku, mvua inanyesha na saksofoni inalia kwa mbali. Upweke wa gemu hii ni mtamu ajabu. Lakini Mombasa yenyewe? Majina yapo: Kizingo, Kikowani. Mwenzetu aliyekulia kisiwani alifurahi kuliona jina la Kikowani, kisha akakuta ni kituo cha treni kilichojaa maji na ndege za maadui, akasema, "Hapa hata maandazi sipati." Wametunyang'anya majina, watu wakawaacha. Kama gemu, 8. Kama Mombasa, 2, na hizo 2 ni za Kizingo.

Civilization IV ya 2005 tunaitaja kwa sababu ya wimbo mmoja tu, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Kila mwanachama wa chama hiki amewahi kuombwa auimbe na mtu asiyejua Kiswahili hata neno la tatu. Tuliketi kwenye ukurasa wa mwanzo tukausikiliza mara nne kabla ya kubonyeza chochote. Ukurasa wa mwanzo, 10. Gemu yenyewe, 8, na mtu mwenye mtihani asubuhi asiiguse.

Sasa ZAU. Ilitoka Aprili 2024, ikatengenezwa na Surgent Studios, kampuni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wengi wenu mnaijua sauti yake: ndiye Bayek wa Assassin's Creed Origins. Salim alifiwa na baba yake, na gemu hii imetoka kwenye msiba huo. Zau ni mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wanapatana: Zau amletee roho tatu kubwa, naye arudishiwe mzazi wake. Ana vinyago viwili, cha jua kwa kupigana karibu na cha mwezi kwa kurusha mbali, na kuvibadilisha katikati ya vita ni raha tupu kwa saa mbili za mwanzo.

Baada ya hapo, tuseme ukweli. Maadui ni wale wale. Kwenye sehemu za kukimbizwa, kosa moja dogo linakurudisha nyuma, na pedi yetu ilinusurika ukutani mara mbili. Hadithi nayo imeokota huku na huku: Impundulu, ndege wa radi, ni wa masimulizi ya kusini mwa Afrika, si wa pwani yetu. Hilo halitusumbui sana, ila asije mtu akaiandikia insha kwamba ni utamaduni wa Waswahili.

Kwa hiyo mwalimu alikuwa na haki. Tungeicheza kwa Kiingereza, tungetoa 7 tukaendelea na maisha.

Lakini hatukuicheza kwa Kiingereza. Gemu hii unaweza kuichagulia sauti za Kiswahili, na watu wote wakazungumza. Mwenzetu wa mwaka wa pili amezaliwa hapa Uingereza, wazazi ni wa Mombasa. Anaelewa kila kitu, ila hajibu. Binamu zake walimcheka likizo moja akiwa na miaka kumi na moja, akaufunga mdomo. Hata kwenye mikutano ya chama huwa anatikisa kichwa tu. Usiku wa pili, Zau akiwa ameketi chini ya mbuyu na Kalunga, wakimzungumza marehemu baba, tulimsikia mwenzetu akiijibu skrini: "Usimwamini huyo, atakudanganya." Hakuna aliyegeuka kumtazama. Tuliogopa angenyamaza.

Baadaye akampigia simu babake, akaiweka karibu na spika. Mzee akauliza, "Nani huyo anayewatisha?" Walizungumza karibu nusu saa, kuhusu Kalunga, kisha kuhusu babu, na kijana alijibu kwa Kiswahili, ngeli zikimteleza hapa na pale. Sisi tulijifanya tunaosha vikombe.

Ndipo tukapiga kura. Watatu walisema 7, kwa sababu safu hii inapima gemu, na msomaji anayetoa pesa zake ana haki ya kujua kwamba maadui ni wale wale. Mmoja alisema 9 na hashuki. Tulimwambia kwamba simu ya mzee haimo kwenye gemu. Akasema, kwa Kiswahili, "Kwangu imo."

Tumechapisha 7. Yeye amekataa kutia jina lake kwenye safu ya mwezi huu, na mwalimu tunamwomba asituulize swali lingine kabla ya mitihani.