Mastaa na Kombi za Kizamani: Juu Rangi, Chini Kutu!

Siku hizi bila Kombi ya kizamani Insta, ustaa haujakamilika. Rangi mbili, taa duara, halafu safari ya Kolo, Kondoa, kupiga picha kwenye michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Inapendeza, hakuna ubishi.

Ila ukweli usemwe. Wengi wanamaliza hela kwenye rangi na rimu, bodi yenyewe imejaa puti. Majina hayatajwi, wenyewe wanajijua. Kombi si pikapu. Bodi na chasisi vimechomelewa pamoja. Kutu ikila chini ya milango, imekula gari. Na injini iko nyuma, kwa hiyo mbele ya magoti ya dereva ni bati tu!

Spea zipo, zinataka uvumilivu. Brazil iliunda Kombi hadi 2013. Lakini usiagize uso wa gari kwa kuangalia picha: za mwaka 1970 indiketa ziko chini, karibu na bampa, za 1975 zimepanda juu ya taa. Ukikosea, umelipia meli bure. Kisichopatikana, fundi bodi mzuri anakikunja kwa bati. Huyo ndiye alipwe kwanza, mpiga rangi asubiri zamu yake.

Dodoma mpaka Kolo sasa ni lami, mguu unanogewa. Siku ya ajali, laiki hazimkingi abiria. Au mnasemaje wadau, rangi kwanza au bodi kwanza?