Kishikwambi kitoke kabatini

Vishikwambi tulivyogawiwa walimu wa shule za serikali baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vimezoea kazi za ofisi. Tunajazia takwimu za wanafunzi, tunapokea nyaraka, tunafuata mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA), tunafungua vitabu vya kiada katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ni kazi za maana na sizidharau. Lakini mimi nafundisha darasa la pili hapa Tunduma, na mtoto wa darasa la pili bado hajakifaidi kifaa hicho. Kinachomzuia si umaskini wa nchi wala uvivu wa mwalimu. Kinachomzuia ni sahihi.

Siku ya kukabidhiwa, kila mwalimu alitia sahihi kwamba kifaa ni mali ya serikali na yeye ndiye mtunzaji. Ukihama, unakirudisha. Kikianguka kikapasuka kioo, wa kujieleza ni wewe. Mwalimu anayelipa kodi ya nyumba, ada ya mtoto na mkopo wa benki hawezi kuchezea jambo kama hilo. Kwa hiyo anakifunga kwenye kitambaa, anakiweka chini ya mafaili ndani ya kabati la chuma, na anakitoa tu takwimu zinapodaiwa. Wenzangu wanaofanya hivyo ni walimu hodari. Wanalinda mshahara wao, na mimi siwezi kuwalaumu.

Ninachotaka wasomaji waelewe ni thamani ya kile kinacholala kabatini.

Tunduma ni mji wa mpaka. Biashara inaleta watu kila wiki, na watoto wao wanaletwa shuleni. Darasani mwangu wapo zaidi ya 100. Kuna waliotoka nyumba zinazoongea Kinyamwanga, wengine Kinyiha, wengine Kindali, na wapo wenye bibi ng'ambo ya mpaka wanaochanganya na Kibemba. Kipindi cha Kusoma kwa madarasa ya chini ni dakika 30. Nikisema kila mtoto anisomee mwenyewe, nikaacha kusalimia, kusahihisha na kutuliza kelele, kila mmoja anapata chini ya sekunde 18. Katika sekunde hizo mtoto mwenye aibu anakuwa bado hajapata mstari. Ndiyo sababu wengi wanaimba somo kwa pamoja, wanafuata sauti ya aliye mbele, na mwalimu anaondoka akidhani darasa zima limesoma.

Mimi nilichofanya ni kitu kidogo. Nilirekodi sauti yangu kwenye kishikwambi nikisoma aya fupi za kitabu cha darasa la pili, taratibu, neno moja moja, kisha sentensi nzima. Wakati kundi kubwa linaandika daftarini, kundi la watoto sita linakaa kwenye mkeka kona ya darasa na kifaa kimoja na vitabu viwili. Wanasikiliza, wanafuata kwa kidole, wanarudia. Sheria ni moja: anayeshika leo hashiki kesho, maana bila hivyo mvulana mwenye mabavu angekishika mwaka mzima.

Kuna msichana mmoja ambaye sauti yake nilikuwa siijui tangu Januari. Siku kifaa kilipofika mikononi mwake hakwenda mbele na hadithi kama wenzake. Alisimama kwenye maneno mawili, ngoma na ng'ombe. Alibonyeza, akaweka sikio kwenye spika, akasema kwa midomo bila sauti. Akabonyeza tena. Wenzake walianza kulalamika, nikawaambia wamwache. Alirudia hadi nikaacha kuhesabu, halafu akasema kwa sauti ya kusikika, "ng'ombe", sawasawa kabisa, akaendelea na sentensi. Mimi ningemrudishia neno hilo mara mbili, tatu, nikachoka au nikaitwa na mwingine. Kile kifaa hakichoki wala hakimkodolei macho mtoto anaporudia mara ya kumi. Sifa hiyo peke yake inatosha kukitoa kabatini.

Jambo la pili ni la hapa kwetu hasa. Katika shule zilizo karibu na mpaka, simu na vishikwambi vyenye laini hukamata mtandao wa Zambia bila kuombwa. Ukiwa Majengo au Sogea unaletewa ujumbe wa kukaribishwa nchi jirani, na bando ulilonunua asubuhi linagoma. Saa nayo inarudi nyuma saa nzima, kwa sababu Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Siku moja nilikuwa nafundisha kusoma saa, nikawaonyesha kioo, watoto wakapiga kelele, "Madam, imeenda Nakonde!" Mmoja ambaye baba yake anabadilisha fedha mpakani akasimama kunieleza kwamba baba akivuka anarudisha saa na akirudi anaipeleka mbele. Somo la saa likafundishwa na mtoto wa miaka minane, vizuri kuliko nilivyolipanga.

Nacheka nikikumbuka, lakini kuna hoja nzito pale. Mipango mingi ya kufundishia kwa vifaa hivi inadhani intaneti ipo. Tunduma mjini ipo na inatoroka. Ukishuka Momba kuelekea Kamsamba na bonde la Rukwa, unaweza kutembea kutafuta sehemu yenye mtandao kama mtu anayetafuta maji. Mwalimu akiambiwa afungue video kwa bando la mfukoni mwake, atafungua wiki ya kwanza, kisha ataacha. Somo linalotegemea bando ni somo la shule za mjini, tena za wachache.

Tunajua kuwa inawezekana bila intaneti, na tunajua kwa sababu ilifanyika nchini kwetu, kwa Kiswahili. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yaliwataka wabunifu wa dunia watengeneze programu itakayomfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu karibu bila mwalimu. Programu 5 zilizofika fainali zililetwa mkoani Tanga, zikajaribiwa kwa miezi 15 katika vijiji karibu 170, na watoto wapatao 3,000. Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki. Vishikwambi vilichajiwa kwa sola kijijini. Watoto wengi walikuwa hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa jaribio idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Na sharti la mashindano lilikuwa kwamba programu hizo ziachwe wazi, mtu yeyote azichukue na kuziboresha bila kulipa.

Nawauliza walimu wenzangu wa Songwe: ni wangapi wamewahi kuziona? Zilitengenezwa kwa ajili ya mtoto wa Kitanzania, zikajaribiwa na mtoto wa Tanga, na leo sijakutana na mwalimu wa darasa la kwanza hapa mkoani aliyewekewa hata moja kwenye kishikwambi chake. Ukivuka Mto Songwe kutoka Ileje unaingia Malawi. Huko serikali yao imeichukua programu ya onebillion, ikiwa kwa Chichewa, na inaisambaza katika madarasa ya chini ya shule za msingi za umma, kwa vishikwambi vinavyochajiwa kwa sola na visivyohitaji intaneti. Jirani ana watu wenye kipato kama chetu au chini yake. Alichotutangulia ni uamuzi.

Kenya nako kuna la kujifunza, ila la upande mwingine. Kompyuta za watoto wa darasa la kwanza ziliahidiwa kwenye kampeni za 2013, zikaanza kufika 2016, na jumla ya vifaa ikapita milioni moja. Shule nyingi zikavifungia stoo kwa kuogopa wezi, nyingine zikasubiri mafunzo, nyingine umeme. Wao waliongeza vifaa kabla ya kumaliza swali la nani atabeba mzigo kikipotea. Sisi tuna swali hilo hilo na tuna vifaa zaidi ya laki mbili nchi nzima. Kabla hatujaomba vingine, tulimalize.

Wazazi wana hofu, nami naiheshimu. Tunduma mtoto anaona simu janja tangu akiwa mgongoni. Anaona vijana wanabeti kwenye simu, anaona video ambazo mtu mzima angepaswa kuzificha. Mzazi akisikia shule inampa mtoto kifaa, anafikiria hayo. Ndiyo maana nasisitiza kifaa kisicho na laini, kinachoshikwa na kundi mbele ya mwalimu, kwa dakika chache, na kubaki shuleni. Simu binafsi ya mwanafunzi ni habari nyingine, na kwa shule ya msingi msimamo wangu ni ule ule wa shule nyingi: ibaki nyumbani.

Wapo pia wanaosema vitabu kwanza. Nakubaliana nao kwa asilimia zote, maana hata kundi langu la mkekani linahitaji vitabu viwili. Lakini kifaa kimeshanunuliwa. Betri zilizoanza kazi 2022 zimeanza kuchoka, na kila mwaka kinaokaa kabatini ni mwaka tunaoupoteza huku kitabu bado hakijaongezeka.

Yanayotakiwa kufanyika ni machache na yanaweza kuanzia kwenye halmashauri. Kifaa kihamishwe kutoka kwenye jina la mwalimu kwenda kwenye leja ya shule, kama madawati yalivyo, na itamkwe kwa maandishi kwamba kikivunjika darasani wakati wa kipindi, mwalimu hatakatwa. Bila karatasi hiyo hakuna semina itakayobadilisha kitu. Kisha masomo yakopiwe kwenye memori kadi mara moja kwa muhula: hizo programu za Tanga, vitabu vya Taasisi ya Elimu vyenye sauti iliyorekodiwa na walimu wetu wenyewe, vipindi vya Ubongo Kids ambavyo watoto wanavipenda. Kazi hiyo ifanyike kwenye vituo vya walimu, pale tunapokutana kwa jumuiya za ujifunzaji. Afisa Elimu Kata mwenye laptopu moja anaweza kuhudumia shule zake zote kwa siku mbili. Shule zisizo na umeme zinahitaji paneli ndogo ya sola na waya wa kuchajia vifaa kadhaa kwa pamoja. Ruzuku ya uendeshaji tunayopata chini ya elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, haitoshi kununua paneli. Hilo ni la bajeti ya halmashauri na mapato yake ya ndani. Mji unaokusanya ushuru kwenye foleni ya malori kutoka Mpemba hadi kastamu hauwezi kukosa fedha ya paneli.

Madiwani hupitisha bajeti ya mwaka mpya kabla bajeti kuu haijafika Dodoma. Naomba kamati za shule za Tunduma, Mbozi, Ileje, Songwe na Momba zipeleke ombi hili kwa maandishi kupitia maofisa elimu kata wao, likiwa na idadi ya vishikwambi vilivyopo, vinavyofanya kazi na vilivyoharibika, maana mpaka sasa kila mtu anakisia tu.

Na wazazi wanaonisimamisha njiani kuuliza kama ni kweli watoto wanachezea vifaa vya serikali, jibu langu ni kwamba wanavisomea, na mlango uko wazi. Kundi la mkekani hukaa kila Jumatano, kipindi cha pili. Njooni mkae nyuma, mletewe viti, mmsikilize mtoto wenu akisoma.