Tulilinde Tumbo la Mtoto Njiti

Mtoto azaliwapo kabla ya miezi yake kutimia, jamaa wote hukitazama kifua chake: je, apumua? Kisha huigusa miguu yake: je, ina joto? Wafanya vema. Lakini wachache hulitazama tumbo lake. Kumbe wako watoto walioishinda baridi, wakapumua vizuri, kisha wakafa katika juma la pili au la tatu kwa ugonjwa wa matumbo.

Sababu yake ni nini? Mtoto akiwa mimbani hulishwa kwa njia ya kitovu; matumbo yake hayajaanza kazi ya kusaga chakula. Azaliwapo kabla ya juma la 32, huyapokea maziwa kwa matumbo membamba yasiyokomaa. Kila anyweshwapo, matumbo yahitaji damu zaidi. Oksijeni ikipungua mwilini, damu hupelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo, na matumbo hupungukiwa. Hapo vijidudu vyaweza kupenya, utumbo ukavimba, hata sehemu yake ikafa na kutoboka.

Katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, waganga huutazama mwendo wa damu hiyo kwa ekografia. Wengine hubandika juu ya tumbo chombo kidogo chenye mwanga usioonekana kwa macho, kinachokisia oksijeni iliyofika matumboni. Lakini hata huko bado wanachunguza kama chombo hicho chaweza kuonya mapema. Hakijawaondolea wauguzi kazi ya kutazama kwa macho.

Basi sisi wa Nyakabere tusikate tamaa kwa kukosa mashine. Kinga kubwa tunayo: maziwa ya mama. Mwaka 1990, Lucas na Cole wa Uingereza walitangaza habari za watoto 926 waliozaliwa kabla ya wakati. Waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipatwa na ugonjwa huu mara 6 hata 10 zaidi kuliko walionyweshwa maziwa ya mama peke yake. Huko Nairobi, hospitali ya wazazi ya Pumwani ilifungua mwaka 2019 akiba ya maziwa yanayotolewa na akina mama, yakapimwa na kutiwa moto, ili mtoto ambaye mamaye hana maziwa asiyakose.

Mama asifadhaike akiona matone machache siku ya kwanza. Maziwa yale ya manjano yasimwagwe. Ayakamue kwa mikono safi, na muuguzi atampa mtoto kwa mpira mwembamba au kwa kikombe, akiongeza polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi nyanya zetu, twawaheshimu, maana mmelea wengi. Lakini twawasihi: mtoto huyu asipewe maji, wala dawa ya majani, wala uji. Hapa Uvira kipindupindu kimetufundisha maji machafu yanavyomwangusha hata mtu mzima. Sembuse mtoto wa kilo moja!

Dalili za hatari ni hizi: tumbo kuvimba na kukaza, matapishi ya rangi ya majani, damu katika choo, mtoto kulegea au kusita kupumua. Ukiiona hata moja, mwite muuguzi saa ile ile. Ikiwa mko nyumbani, mpelekeni hospitalini mara moja, akiwa amefungwa kifuani pa mamaye apate joto.

Huko yaelekea mganga atayasimamisha maziwa kwa siku kadhaa, amtie mtoto maji na dawa kwa njia ya mshipa. Mama asidhani kwamba mwanawe anauawa kwa njaa, wala asimnyweshe kwa siri. Matumbo yanapumzishwa yapate kupona. Yeye aendelee kukamua, maziwa yasikauke.

Nanyi akina baba, mwondoleeni mama kazi ya shamba na ya kuteka maji siku hizo. Mtu aliyechoka hawezi kukesha akilitazama tumbo la mtoto.